Panya Niliyemkata Kwenye Habari

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji au nimepata kazi serikalini. Sijahama, na kazi ni ile ile ya kukimbizana na habari. Ila nilikuwa na deni la mzee mmoja, nikajiapiza kwamba siandiki kitu kingine hapa mpaka nimelilipa, angalau nusu yake.

Deni lenyewe lilianzia kazini. Miezi michache iliyopita nilipewa habari ya shirika moja la habari la nje niitafsiri haraka haraka. Ilikuwa ya kujaza nafasi ya ukurasa wa afya, maneno 250 basi. Ilihusu usingizi na ubongo: kwamba mtu akilala, kuna maji yanayopita ndani ya ubongo na kuondoa taka zilizojikusanya mchana kutwa. Nilitafsiri, nikapunguza hapa na pale, nikapeleka. Kesho yake ikatoka na kichwa kilichokolea wino: "Usingizi wa usiku huosha ubongo." Kichwa hicho nilikitunga mwenyewe, simsingizii mhariri.

Sasa, nyumba ninayopanga ina mlinzi wa usiku, mzee wa rika la baba yangu. Nikirudi jioni huwa namwachia gazeti la siku hiyo, maana usiku ni mrefu na redio yake inaongea inapojisikia. Siku ya pili baada ya habari ile kutoka, nilimkuta getini amelikunja gazeti vizuri, ukurasa wa afya ukiwa juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii umeandika wewe?"

Nikasema ndiyo, kwa majivuno kidogo, kwa sababu ni mara chache mtu anasoma jina la mwandishi.

"Basi nieleze. Mimi huu ni mwaka wa kumi na nane nalinda usiku. Ina maana ubongo wangu haujawahi kuoshwa? Maana siku hizi nasahau. Juzi nimesahau jina la mjukuu wangu, nimeliita la marehemu dada yangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia ameshamdokeza mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi huenda akaacha kazi. Mzee mwenye wajukuu wanaomtegemea, anataka kuacha kazi kwa sababu ya kichwa cha habari nilichokitunga kwa dakika mbili huku nikinywa chai. Nikamwambia, "Mzee, usiache kwanza. Ngoja niangalie vizuri, nitakuletea jibu."

Nikapanda chumbani, nikafungua ile habari ya asili. Sentensi ya pili, maneno ya mwisho kabisa: utafiti ulifanyika kwa panya. Nilikuwa nimeyakata kubana nafasi.

Ndugu zangu, kuanzia usiku ule nimekuwa nikisoma habari za panya na maji ya kichwani mwao kama mtu anayejiandaa na mtihani. Naomba mniruhusu niwaeleze nilichokuta, kisha niseme maoni yangu.

Tuanze na maji yenyewe. Ubongo wako umezungukwa na maji safi yasiyo na rangi, ambayo yanashuka pia kando ya uti wa mgongo. Ndiyo yale madaktari wanayoyachukua kwa sindano ya kiunoni wanapotafuta homa ya uti wa mgongo, njia aliyoianzisha daktari Mjerumani Heinrich Quincke mwaka 1891. Mtu mzima ana karibu mililita 150 za maji haya, yaani hayajai hata nusu ya chupa ya soda. Ila mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo yanabadilishwa mara tatu au nne kwa siku moja.

Panya mdogo wa maabara ana kiasi gani? Karibu mikrolita 40. Mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Dondosha tone moja la maji kwenye meza yako: tone hilo moja ni kubwa kuliko maji yote ya ubongo wa panya. Na mtafiti hawezi kuyachukua yote. Mwenye mkono mzuri anapata mikrolita tano, kumi, akibahatika kumi na tano.

Sasa anayapataje? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kiuno cha panya ni kidogo mno, hivyo njia inayotumika zaidi ni kisogoni. Pale kichwa kinapoungana na shingo, chini ya ubongo mdogo, kuna mahali maji hayo yanajikusanya kidogo. Wataalamu wanapaita sisterna magna, maneno ya Kilatini yenye maana ya tangi kubwa. Kwa panya, "tangi kubwa" ni jina la heshima tu.

Panya anapewa nusu kaputi. Kichwa chake kinabanwa kwenye kifaa maalumu kisicheze, kisha kinainamishwa mbele kama mtu anayesujudu. Manyoya ya shingoni yananyolewa, ngozi inachanwa, misuli inatenganishwa taratibu mpaka uonekane utando unaong'aa wenye umbo la pembetatu. Chini ya utando huo ndimo maji yalimo. Mtafiti anachukua mrija wa kioo uliovutwa kwa moto mpaka ncha yake ikawa nyembamba sana, anatafuta mahali pasipo na mshipa wa damu, anatoboa. Akitoboa sawasawa, maji yanapanda yenyewe ndani ya mrija. Akienda ndani kidogo zaidi, anagusa shina la ubongo, ambalo ndilo linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo. Akigusa mshipa, damu inaingia kwenye sampuli, na damu ina protini zaidi ya mara mia kuliko maji haya. Chembe ndogo tu ya damu inatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Na mara nyingi panya huyo haamki tena.

Njia hiyo hiyo ya kisogoni inatumika kinyume pia: badala ya kuchota, mtafiti anaingiza rangi inayong'aa ili aone maji yanaelekea wapi. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 2012, pale Jeffrey Iliff, Maiken Nedergaard na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipoeleza kwamba maji haya yanaingia ndani ya ubongo kwa kufuata kandokando ya mishipa ya damu, na kutoka na taka. Wakaupa jina mfumo wa glimfatiki. Mwaka 2013 kundi hilo likatoa utafiti uliotikisa dunia. Lulu Xie na wenzake waliona kwamba kwa panya aliyelala, nafasi kati ya seli za ubongo inapanuka kwa zaidi ya asilimia 60, kutoka asilimia 14 ya ujazo wa ubongo hadi 23, na ile protini ya amiloidi inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer inaondoka mara mbili ya kasi ya panya aliye macho.

Hapo ndipo "usingizi huosha ubongo" ilipozaliwa. Mimi nimeipokea kama maji ya bomba: nimefungua nikayakuta, sikuuliza yametoka mto gani.

Lakini wanasayansi wenyewe waliuliza. Katika utafiti ule wa 2012, rangi iliingizwa mikrolita kumi kwa dakika tano, yaani mikrolita mbili kila dakika. Ubongo wa panya wenyewe unatengeneza karibu theluthi moja tu ya mikrolita kwa dakika. Maana yake sindano ilikuwa inasukuma maji karibu mara sita ya kasi ya asili, ndani ya tangi ambalo robo yake ndiyo hizo mikrolita kumi. Wakosoaji wakasema: mnajuaje kwamba mnachokiona ni mwendo wa asili, na siyo msukumo wenu wenyewe? Swali zuri. Mwaka 2021 kundi la Rochester likajibu kwa mbinu ya mabomba mawili ya sindano, moja likiingiza na jingine likitoa kwa kasi ile ile ili ujazo usibadilike. Wakasema rangi bado inapita njia zile zile.

Swali la pili ni nusu kaputi. Usingizi wa dawa na usingizi wa kawaida ni kitu kimoja? Mwaka 2019 kundi hilo hilo lilipima dawa mbalimbali za usingizi kwa panya na kukuta tofauti kubwa: mchanganyiko wa ketamini na zailazini ulipitisha maji mengi, dawa nyingine yakapita kidogo tu. Panya ni wale wale, rangi ni ile ile, sindano iliyowalaza ndiyo tofauti.

Kisha mwaka 2024 likaja jipya kutoka Imperial College ya London. Nicholas Franks na wenzake hawakupita kisogoni. Waliingiza rangi ndani ya ubongo wenyewe, wakapima inaondoka vipi. Wakakuta kinyume kabisa: panya akiwa amelala, rangi iliondoka kwa kiasi pungufu kwa karibu asilimia 30, na akiwa kwenye nusu kaputi, pungufu kwa asilimia 50. Yaani kwa kipimo chao, ubongo unaosha vizuri zaidi ukiwa macho! Wakosoaji nao wakasema kuchoma ubongo wenyewe kunaujeruhi, na jeraha linaziba njia. Mwanzoni mwa 2025, Nedergaard na wenzake wakatoa utafiti mwingine wa panya waliolala usingizi wa kawaida bila nusu kaputi. Walionyesha jinsi kemikali ya noradrenalini inavyopanda na kushuka usingizini na kuifanya mishipa ya damu ibane na kuachia kama pampu. Walionyesha pia kwamba dawa moja maarufu ya usingizi, zolpidemu, inapunguza mwendo huo.

Nimewaeleza haya yote kwa sababu moja. Jibu linategemea tundu ulilotoboa. Ukipita kisogoni unaambiwa hili, ukipita ndani unaambiwa lile.

Na mimi kama mwandishi, hilo lilipaswa kuwa jambo la kwanza kulitambua, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nenda kamhoji machinga pale Kariakoo huku mgambo wa jiji kasimama nyuma yako. Atakwambia biashara ni nzuri, hana malalamiko, anaishukuru serikali. Rudi jioni peke yako, nunua soksi kwanza, kaa naye kwenye benchi. Utasikia mengine. Hakukudanganya mara ya kwanza. Ulimpata kwa njia fulani, ukapewa jibu la njia hiyo. Mhariri yeyote mwenye akili atakuuliza: ulimpata wapi, na nani alikuwepo? Kwa habari za siasa tunaulizana hivyo. Kwa habari za sayansi tunafungua bomba tunakinga ndoo.

Najua hoja zitakazokuja, na baadhi nimeshazisikia kijiweni kwetu.

Ya kwanza: wasomaji hawataki mambo ya maabara, wanataka ujumbe. Ndivyo nilivyoamini na mimi. Lakini mzee wangu wa getini, ambaye aliacha shule darasa la saba, aliuliza swali ambalo mimi mwenye shahada sikuuliza: je, hii inanihusu mimi? Msomaji anayeuliza hivyo hatakimbia ukimwambia "hawa walikuwa panya". Atakushukuru. Mwaka 2019 mwanasayansi mmoja, James Heathers, alifungua ukurasa wa Twitter ambao kazi yake ilikuwa moja tu: kuchukua habari za sayansi zilizopigiwa debe na kuongeza maneno yenye maana ya "kwa panya". Basi. Ukapata wafuasi kwa maelfu. Watu wanalitaka neno hilo.

Ya pili: basi kama ni panya tu, haina maana, tuitupe. Hapana, wala sijasema hivyo. Mtu aliye hai huwezi kumfungua kisogo ili uangalie rangi inapita wapi. Panya ni mnyonyeshaji kama sisi, ana mishipa na seli zinazofanana na zetu kwa mengi, na bila yeye tusingejua hata swali la kuuliza. Na swali limeshafika kwa binadamu. Huko Oslo, Per Kristian Eide na wenzake walitumia wagonjwa waliochomwa sindano ya mgongo yenye dawa inayoonekana kwenye picha za MRI. Mwaka 2021 walieleza kwamba waliokesha usiku mmoja mzima bila kulala, dawa hiyo ilichelewa kuondoka ubongoni kuliko kwa waliolala. Kwa hiyo kuna kitu hapo. Ila "kuna kitu" na kile kichwa changu cha habari ni mbingu na ardhi.

Ya tatu, na hii inaniuma zaidi: panya ni panya, kwa nini umtaje? Jamani, mnyama ametolewa uhai ili lipatikane tone ambalo si tone kamili. Tangu Russell na Burch waandike kitabu chao mwaka 1959, watafiti wanafundishwa mambo matatu: kama unaweza kutumia kitu kingine badala ya mnyama, tumia, kama unaweza kutumia wanyama wachache zaidi, punguza, na maumivu yapunguzwe kadiri inavyowezekana. Mtafiti analazimika kuandika idadi ya wanyama wake, dawa alizowapa na namna walivyokufa. Halafu anakuja kijana mmoja chumba cha habari, anabonyeza kitufe cha kufuta, panya wote wanatoweka kwenye habari, anabaki "binadamu". Nani hapo hana heshima kwa sayansi?

Maoni yangu ni haya, na nayasema kwa wenzangu wa kalamu kabla ya mtu mwingine yeyote. Habari ya utafiti isipokuwa na majibu ya maswali matatu isitoke. Ni kiumbe gani kilichopimwa? Kilifikiwa kwa njia gani? Na nani anayepinga? Hayazidi maneno thelathini. Kama nafasi haitoshi, kata sifa za chuo, kata vyeo vya profesa, hata jina langu mwandishi kateni. Panya abaki.

Na jambo moja nimelikuta likanifanya nicheke peke yangu usiku. Panya hulala mchana! Usiku ndio wanahangaika. Kwa hiyo hata utafiti wenyewe, ukiuchukua neno kwa neno, ulikuwa unahusu kiumbe kinachokesha usiku kucha na kulala jua likiwaka. Neno "usiku" kwenye kichwa changu halikuwemo kwenye utafiti. Niliweka mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayelala usiku.

Nilimpelekea mzee jibu Jumapili moja jioni. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, bila majina ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo panya anatobolewa hapa?" akijishika kisogo. Nikasema hapo hapo. Akatikisa kichwa kwa muda.

Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ile ya kwanza badala ya kucheka: mzee, mchana unalala saa ngapi? Akasema saa tatu, zikizidi nne. Chumba chake kimepakana na karakana ya kuchomelea mageti, na mashine ya kukata vyuma inaanza saa mbili asubuhi. Kumi na nane miaka yote hiyo nilikuwa sijui, na nampita getini kila siku. Kwamba binadamu anayelala saa tatu kwa siku anachoka na kusahau, hilo halihitaji panya.

Tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, aende hospitali akapimwe, kwa sababu kusahau kuna sababu nyingi na nyingine zina tiba. Presha na sukari aanze nazo. Ameshakwenda kupima presha, iko juu, amepewa dawa. Pili, nimezungumza na mwenye nyumba kuhusu kile chumba cha stoo cha uani, upande usio na kelele. Hajakubali bado, lakini hajakataa. Kazi mzee hajaacha.

Gazetini nimeomba tuweke sahihisho. Nimeambiwa habari imeshapita, na nani atakumbuka. Ninamjua mmoja anayekumbuka, ijapokuwa analalamika kwamba anasahau. Kwa hiyo sahihisho naliweka hapa: utafiti ule ulifanyika kwa panya, wanasayansi bado wanabishana, na haukusema lolote kuhusu walinzi wa usiku.

Wenzangu mnaofanya kazi za usiku, manesi, madereva, walinzi, mnalalaje mchana? Niambieni, hiyo ndiyo habari ninayotaka kuiandika sasa.

Tupo pamoja.